Kuchagua Ufito Mzito wa Nzi Bandia kwa Samoni Wakubwa na Samaki wa Baharini

Anayetafuta ufito mzito wa kuvulia samaki kwa nzi bandia kwa kawaida huanza kwa kujiuliza samaki anayemtaka ana kilo ngapi, ilhali namba iliyoandikwa juu ya mpini haimhusu samaki, bali hutaja uzito wa mshipi ambao ufito umeundwa kuurusha. Nzi bandia, ambaye ni manyoya na nyuzi zilizofungwa kwenye ndoana, hana uzito wa kujipeleka mbali. Mshipi ndio unaorushwa naye hufuata. Futi 30 za kwanza za mshipi wa namba 8 huwa na takriban gramu 13.6, za namba 10 gramu 18.1, na za namba 12 gramu 24.6.

Kwa hiyo anza na nzi utakayemtumia na upepo utakaokukabili. Namba 8 au 9 hutosha kwa samoni wengi wa mtoni. Nzi wakubwa, upepo wa baharini na samoni aina ya Chinook huhitaji namba 10. Kolekole wakubwa na taponi, ambao ni samaki wa baharini wenye nguvu, huhitaji 11 au 12. Usichague namba kubwa kuliko unayohitaji kwa tahadhari tu, kwa sababu ufito wa namba 12 huchosha bega mapema, na mkono uliochoka hukosa shabaha samaki anapojitokeza.

Jambo ambalo wanunuzi hulipuuza ni nguvu ya sehemu ya chini ya ufito, karibu na mpini, kwani hiyo ndiyo inayomwinua samaki aliyezama chini ya mashua, wakati ncha hufanya kazi ya kurusha. Funga mshipi kwenye kitu kizito kilicho sakafuni, vuta ukiwa umeuinamisha ufito, kisha uone kama sehemu hiyo ya chini inapinda na bado inasukuma. Usiuinue wima wakati wa kuvuta, maana hapo mzigo wote huhamia kwenye ncha nyembamba, na fito nyingi huvunjika kwa namna hiyo hiyo hata samaki akiwa mdogo. Kitako kifupi nyuma ya rili (kigurudumu cha kuzungushia mshipi), cha kuegemeza tumboni, ni cha lazima.

Baharini futi 9 hutosha. Katika mito mipana ya samoni, ufito wa mikono miwili wa futi 12 hadi 15 hurahisisha kurusha pasipo nafasi nyuma yako, lakini namba zake hazilingani na za ufito wa mkono mmoja: namba 8 ya mikono miwili hubeba mshipi mzito zaidi kwa mbali.

Kagua pia pete za kupitishia mshipi na kishikio cha rili, ambavyo havina budi kuhimili chumvi, na hata vikihimili, visuuze kwa maji yasiyo na chumvi kila urudipo kutoka baharini.