Mwaga oili kwa kuhesabu saa: ushauri kwa wenye Massey na matrekta mengine ya zamani

Habari za mashambani ndugu zangu wakulima. Msimu wa kulima ukikaribia huku Kiteto na Kongwa matrekta yanaingia kutoka kila kona, na mengi ni ya zamani, Massey Ferguson 135 zile ndogo za miaka ya 1960 na 1970, 240, 290, huku na kule Ford 5000, na kuna mengine umri wake unamzidi dereva anayeliendesha. Bado yanalima vizuri tu, na injini ya Perkins silinda tatu ukiitunza utazeeka wewe ukiiacha. Sasa inauma sana kuona trekta kama hilo limenoki katikati ya msimu, mvua imeshanyesha, mwenye shamba anasubiri, bosi anatafuta hela ya ovahoo, halafu fundi akifungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, anakuta tope jeusi zito kama lami na metali za kranki, yani beringi zinazobeba shafti kuu ya injini, zimekwisha, na ukiuliza oili ilimwagwa lini kila mtu anamwangalia mwenzake.

Tatizo kubwa ninaloliona ni namna tunavyohesabu. Wengi wanamwaga oili mara moja kwa msimu, yani kabla ya kuanza kulima, basi, mpaka mwakani. Kwa mtu mwenye ekari zake kumi hilo halina shida kubwa. Lakini trekta la kukodisha linapiga kazi saa kumi kwa siku, na mvua ikichanganya linawekwa madereva wawili linalima usiku na mchana, hapo saa 150 zinaisha ndani ya wiki moja na siku mbili tatu. Vitabu vya matrekta mengi ya aina hii vinataja kumwaga oili ya injini kila saa 200 mpaka 250, na hizo ni saa za kazi ya kawaida, oili nzuri, hewa safi. Kwa vumbi letu la kulimia udongo mkavu kabla ya mvua mi nashauri usivuke 150, na kama injini imeshachoka, inatoa moshi kwenye breza (bomba la kupumulia la injini) na inakula oili, shuka mpaka 100. Filta ibadilishwe kila unapomwaga, usisikilize mtu anayekwambia oili mara mbili filta mara moja, maana filta ya zamani imeshabeba uchafu wote uliotaka kuutoa na hata ile oili chafu iliyobaki ndani yake inarudi kwenye oili mpya siku hiyohiyo.

Utasema mita ya saa imekufa. Najua, kwenye matrekta mengi ya zamani ule waya unaotoka kwenye injini kwenda kwenye dashi umeshakatika siku nyingi na hakuna aliyehangaika nao. Ila dereva analipwa kwa ekari kwahiyo daftari la ekari lipo, litumie hilo. Massey na jembe la sahani tatu kwenye udongo wa kawaida inalima ekari moja kwa saa au zaidi kidogo, udongo mgumu pungufu ya hapo, kwahiyo ekari 150 zikitimia hapo ndio mwisho. Njia nyingine ambayo mi naipenda zaidi kwasababu haidanganyi ni dizeli. Massey dogo likiwa linalima linakula kama lita 5 kwa saa, likubwa linapanda, hivyo pipa moja la lita 200 kwa dogo ni saa 40 hivi, kabla pipa la nne halijaisha mwaga oili. Pima la kwako ulijue linakula ngapi. Uzuri wa dizeli ni kwamba inahesabu na zile saa ambazo daftari la ekari halizioni, kama kuvuta tela la mahindi kwenda sokoni Kibaigwa, na hasa kupukuchua. Mashine ya kupukuchua mahindi ikifungwa kwenye PTO, ile shafti ya nyuma inayozungusha mashine, trekta linakaa sehemu moja kutwa nzima linanguruma, makapi na vumbi vinajaa kwenye rejeta, injini inachemka, oili inakuwa nyepesi, na ukiangalia daftari ekari ni sifuri. Msimu wa kupukuchua unachosha oili pengine kuliko kulima na ndio huo watu hawauhesabu kabisa.

Halafu tuelewane kwenye hili, kuongezea oili hakuhesabiki kama kumwaga. Dereva anakwambia oili ipo sawa bosi, nimeongeza lita mbili juzi, kweli dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, inaonyesha imejaa lakini ile ya chini imeshabeba masizi, vumbi na asidi ya dizeli iliyoungua, dawa zilizowekwa kiwandani za kusafisha injini na kuzuia kutu zimekwisha, sasa umechanganya lita mbili nzima na nyingine tano zilizokufa. Na rangi isikuchanganye, oili ya dizeli inakuwa nyeusi ndani ya siku chache tu hata kama kila kitu kipo sawa, kwahiyo weusi peke yake hauna la kukwambia.

Cha kuogopa ni vingine. Ukichomoa dipstiki ukakuta oili ina rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, mara nyingi ni gasketi ya hedi, usiwashe tena, ita fundi. Ukikuta oili imeongezeka yenyewe, ilikuwa katikati leo ipo juu ya alama na hujaweka, inuse, kama inanuka dizeli basi dizeli inavuja kuingia kwenye sampu, na kwenye Massey hizi mtuhumiwa wa kwanza ni ile pampu ndogo ya kuvuta dizeli pembeni ya injini, mpira wake wa ndani ukipasuka dizeli inashuka moja kwa moja chini. Kuna madereva wanafurahi trekta halili oili kumbe linakunywa dizeli. Oili iliyochanganyika na dizeli haina unene wa kubeba kranki, injini inanoki ndani ya muda mfupi, rekebisha pampu kwanza ndio umwage.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Trekta lisiwe la baridi, lifanye kazi kidogo kama dakika 15 oili ipate moto ichanganyike na uchafu uliolala chini, ukimwaga ikiwa baridi unatoa oili unaacha tope. Liweke sehemu tambarare, shusha jembe mpaka chini, handbreki, weka mawe kwenye matairi, zima, toa funguo mfukoni mwako maana wapo vijana wanaopenda kujaribu vitu. Kabla hujafungua chochote futa vumbi kuzunguka mfuniko wa kujazia, dipstiki na filta, hapa watu wanapitia haraka lakini ule mchanga uliokaa juu ya filta ukidondokea ndani unaenda kwenye metali moja kwa moja. Fungua mfuniko wa juu ili hewa ipite, weka beseni au dumu lililokatwa ubavu, kisha fungua nati ya chini ya sampu kwa spana inayokaa sawasawa, sio spana malaya ya kubana mpaka nati inakuwa duara. Oili ya moto inaunguza, kaa pembeni. Iache imwagike mpaka inadondoka tone tone, dakika 20 sio nyingi.

Hiyo nati ukishaitoa iangalie vizuri na uipitishe kidole, na ile oili ya mwisho mwisho ipokee kwenye kopo safi uitazame juani. Vumbi laini la kijivu kidogo ni la kawaida kwa injini ya umri huo, ila ukiona vipande vinavyometameta au magamba ya rangi ya shaba ujue metali zimeanza kuliwa na bado una nafasi ya kubadilisha metali peke yake kabla kranki haijachanika. Dakika mbili za kuangalia hapa zinaweza kukuokolea injini. Ile washa (kiringi bapa) ya kopa ya kwenye nati weka mpya, ni kitu cha bei ndogo sana, usifunge uzi wala mpira wa tyubu.

Filta zipo za aina mbili. Kuna trekta zina filta ya kufunga kwa mkono, kopo zima unatupa, na kuna zile za zamani zaidi zenye bakuli la chuma na boliti ndefu katikati, ndani unabadilisha karatasi tu. Ya kopo ikikataa kufunguka tumia mshipi au mnyororo wa kufungulia filta, kuipiga bisibisi ikatoboka mara nyingi inachanika inabaki nusu na hapo umejiongezea kazi. Hakikisha mpira wa filta ya zamani umetoka nao, wakati mwingine unabaki umeganda kule juu, ukifunga mpya juu yake inakuwa mipira miwili, injini ikiwaka presha inausukuma na oili yote inamwagika chini kabla hujajua. Paka oili mpya kwenye mpira, zungusha kwa mkono mpaka iguse kisha ongeza kama robo tatu ya mzunguko, inatosha. Ya bakuli inataka utulivu zaidi. Ndani kuna springi na washa zake chini ya karatasi, zipange kwenye kitambaa safi kwa mfuatano ulivyozitoa, osha bakuli kwa dizeli, na ule mpira mkubwa unaokaa kwenye mfereji kule juu uchokonoe kwa kitu chembamba utoke wote ndio uweke mpya. Mafundi wavivu wanaacha wa zamani wanapaka silikoni, silikoni ikizidi vipande vinamenyeka vinaingia kwenye njia za oili, usikubali.

Oili gani. Angalia herufi kwenye galoni, oili ya dizeli ina herufi C mbele, CF-4, CH-4, CI-4, ikiwa ni S peke yake hiyo ni ya petroli. 15W-40 inazifaa hizi Perkins za zamani vizuri tu, huna haja ya oili ya bei ya juu kabisa, bora uwe na oili ya kawaida halali na uimwage kwa wakati. Nasema halali kwasababu oili feki ipo na inauzwa kwenye galoni zinazofanana, nunua kwa wakala anayejulikana, angalia sili na alama ya TBS (shirika la viwango), na achana kabisa na oili ya kupima kwenye chupa za maji barabarani. Kama trekta umelinunua mkononi na hujui historia yake, mara ya kwanza mwaga mapema, baada ya saa 50 hivi, maana oili mpya inaosha matope ya zamani na filta inajaa upesi.

Injini ya silinda tatu ya lita 2.5, ile ya kwenye 135 na 240, inachukua karibu lita 7 pamoja na filta, ila dipstiki ndio yenye neno la mwisho. Usizidishe, kranki itaipiga oili itoe povu na itatafuta sili za kutokea. Ukishajaza vuta ile ya kuzimia injini isiwake, piga selfu sekunde kumi, pumzika, rudia mpaka geji ya presha ya oili inyanyuke, ndio uwashe. Acha inanguruma taratibu, usikanyage mafuta. Geji isiponyanyuka ndani ya sekunde chache zima. Chungulia chini kama kuna uvujaji, zima, subiri dakika kumi, pima tena na uongeze ile iliyoingia kwenye filta. Kisha andika tarehe na ekari kwa rangi kwenye fenda, dereva akibadilika daftari linapotea lakini fenda linabaki.

Siku hiyohiyo fungua na filta ya hewa. Nyingi za matrekta haya ni za bakuli la oili, na vumbi letu linaijaza tope haraka, kipindi cha kukwatua udongo mkavu ifunguliwe kila siku, mwaga, osha kwa dizeli, jaza oili safi mpaka alama na sio zaidi. Pitisha kidole ndani ya bomba la mpira linaloenda kwenye injini, ukitoka na vumbi kuna mpasuko au klipu imelegea, na hapo hata ukimwaga oili kila wiki ringi za pistoni zitaisha tu.

Mwenye Ford 5000 yenye injekta pampu ya mstari, ile ya Simms, pampu hiyo ina oili yake yenyewe pembeni, wengi hawajui kabisa, muulize fundi akuonyeshe nati yake muibadilishe pamoja. Na kwenye Massey oili ya haidroliki ni ileile ya gia boksi na difu ya nyuma, usiijaze oili ya injini ukadhani umesaidia.

Oili chafu iweke kwenye dumu lenye mfuniko, peleka kwa gereji wanaokusanya. Sheria ya mazingira inaihesabu taka hatarishi na ni haki, ukiimwaga karibu na kisima mtaionja. Na kuwapaka ng'ombe ili kupe watoke naomba tuache jamani, inachoma ngozi na ina sumu inayoingia mwilini, kupe wana dawa zao za josho. We mwenyewe vaa glavu au hata mfuko wa nailoni, nawa kwa sabuni.

Kupukuchua kukiisha na trekta linaenda kupumzika, mwaga oili hapo, usisubiri msimu mpya, kwasababu ile asidi ikikaa miezi minne ndani inakula metali taratibu wakati limelala. Likianza tena, piga selfu huku umevuta ya kuzimia mpaka geji inyanyuke, halafu washa.