Jinsi ya kusoma sera ya gawio ya Home Depot kabla hujanunua hisa

Watu wengi wakitaka kununua hisa za kampuni ya Marekani huanza kwa kuuliza gawio lake, yaani sehemu ya faida inayolipwa wanahisa, ni asilimia ngapi ya bei. Swali hilo mimi huliweka mwisho. Gawio kubwa leo halikuambii kama litakuwepo kesho. Kinachokuambia ni jinsi bodi inavyoamua kiasi cha kulipa, hasa mauzo yanapoyumba. Tuchukue Home Depot, kampuni ya Atlanta inayouza mbao, rangi, vigae, mabomba na kila kitu cha kukarabatia nyumba. Ilianzishwa 1978, na tangu 1987 imelipa gawio kila robo mwaka bila kuruka. Andaa kikokotoo na daftari.

Hatua ya 1: Soma tangazo la bodi

Tangazo hutoka pamoja na matokeo ya fedha, na lipo bure kwenye tovuti ya kampuni, ukurasa wa wawekezaji. Tarehe 25 Februari 2025 bodi ilitangaza dola 2.30 kwa kila hisa kwa robo mwaka, daftari la wanahisa kufungwa 13 Machi na malipo kufanyika 27 Machi. Andika vyote vitatu: kiasi, siku ya kufunga daftari (aliyemo siku hiyo ndiye anayelipwa), siku ya kulipwa.

Tangu Mei 2024, ununuzi wa hisa Marekani hukamilika siku moja ya kazi baada ya biashara. Kwa hiyo aliyetaka gawio hilo alipaswa awe amenunua kufikia 12 Machi. Ukinunua tarehe 13, gawio ni la aliyekuuzia. Lakini usikimbilie kununua siku ya mwisho ili tu ulipwe: kwa kawaida bei ya hisa hushuka asubuhi inayofuata kwa kiasi kinachokaribia gawio lenyewe.

Hatua ya 2: Pima gawio kwa faida

Hapa ndipo penye kazi, usipapite haraka. Home Depot iliwahi kutangaza lengo la kugawa takriban 55% ya faida kwa kila hisa (faida yote ikigawanywa kwa idadi ya hisa) ya mwaka uliotangulia. Fungua ripoti za mwaka, chukua faida kwa kila hisa, kisha gawanya gawio la mwaka unaofuata kwa faida hiyo. Angalia jina la mwaka: mwaka wa fedha wanaouita 2024 uliisha 2 Februari 2025.

Gawio la 2023: dola 8.36 kwa faida ya 16.69, sawa na 50%.
Gawio la 2024: dola 9.00 kwa faida ya 15.11, sawa na 60%.
Gawio la 2025: dola 9.20 (2.30 mara robo nne) kwa faida ya 14.91, sawa na 62%.

Faida ilishuka miaka miwili mfululizo, gawio likapanda. Riba za mikopo ya nyumba zilipopaa kuanzia 2022, Wamarekani wengi waliacha kuhama na wakaahirisha ukarabati mkubwa wanaoukopea. Bodi haikukata gawio, ila ilipunguza mwendo: ongezeko lilikuwa 10% mwaka 2023, likawa karibu 8% mwaka 2024, na 2% tu mwaka 2025. Kwangu mimi ongezeko hilo dogo lina habari nyingi kuliko hotuba yoyote ya mkurugenzi. Bodi ilikuwa inasubiri faida ikue, ili gawio lirudi karibu na lile lengo la 55%.

Hatua ya 3: Thibitisha kwa fedha taslimu

Faida ni hesabu. Gawio hulipwa kwa fedha. Kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha ya mwaka wa fedha 2024, shughuli za biashara ziliingiza takriban dola bilioni 19.8. Toa bilioni 3.5 za maduka, mitambo na mifumo, zinabaki 16.3. Gawio lilichukua 8.9, yaani 55% hivi. Bado kuna nafasi.

Nafasi hiyo ina wadai wake, lakini. Mwaka 2024 kampuni iliinunua SRS, msambazaji wa vifaa vya kuezekea na ujenzi, kwa thamani ya takriban dola bilioni 18 pamoja na madeni, na ikasimamisha ununuzi wa hisa zake yenyewe. Zingatia mpangilio huo: fedha zikibana, kinachosimama kwanza ni ununuzi wa hisa, siyo gawio.

Hatua ya 4: Rudi kwenye mwaka mbaya

Soko la nyumba lilipoanguka, faida kwa kila hisa ilitoka dola 2.79 mwaka wa fedha 2006 hadi 1.34 mwaka 2008. Gawio lilibaki senti 22.5 kwa robo, halikupanda wala kushuka, hadi lilipoongezwa kidogo 2010. Ukitegemea gawio likue kila mwaka, miaka hiyo ingekuchosha. Ukitegemea lisikatwe, ungelala usingizi.

Hatua ya 5: Weka mshindani pembeni

Lowe's inalenga 35% tu ya faida, na imelipa gawio kila robo tangu ilipoingia sokoni 1961. Gawio lake la dola 1.20 kwa robo, lililotangazwa 2025, yaani 4.80 kwa mwaka, lilikuwa kama 39% ya faida ya 12.23 kwa kila hisa. Unalipwa sehemu ndogo zaidi ya faida, lakini kuna pumzi zaidi faida ikishuka.

Hatua ya 6: Toa kodi

Sasa asilimia. Tuseme umenunua hisa ya Home Depot kwa dola 400: gawio la 2025 la 9.20 ni 2.3%. Mwekezaji anayeishi Tanzania au Kenya na asiye raia wa Marekani hujaza fomu W-8BEN, ya kuthibitisha kuwa yeye si Mmarekani, kupitia dalali wake, na Marekani hukata kodi ya zuio (inayokatwa kabla gawio halijakufikia) ya 30%, kwa kuwa nchi hizi hazina mkataba nayo wa kupunguza kodi hiyo. Zinabaki dola 6.44, sawa na 1.6%, kabla ya makato ya dalali na ya kubadilisha fedha. Linganisha hiyo 1.6% na kile unachobaki nacho baada ya kodi kwenye hati fungani au hisa za nyumbani.