Kabla hujaomba nafasi ya MMed: programu nzuri utaijuaje

Kila fomu za MMed, yaani masomo ya kuwa daktari bingwa, zikitoka, madaktari vijana wa hapa Mombasa huanza kuulizana wapi kuna jina kubwa, Nairobi ama Eldoret ama mtu avuke mpaka Muhimbili kule Tanzania, na mimi naona hilo swali lingekuja mwisho kabisa. La kwanza ni hili: ukimaliza miaka yako, mikono yako itakuwa imefanya nini, na nani alikuwa amesimama kando yako ukifanya? Upasuaji peke yake ni kama miaka 5, ukiingia pahali pabovu kutoka ni taabu na karo hairudi.

Kwa hivyo kabla ya kulipa chochote mtafute rejistra, yaani daktari anayesomea ubingwa, wa mwaka wa tatu, si wa kwanza maana huyo bado anatafuta choo kiko wapi, umuombe kwa adabu akuonyeshe logibuku yake, daftari la kesi alizofanya. Usihesabu kesi tu. Tazama ile safu inayosema yeye alikuwa nani kwenye hiyo kesi. Ukiona ukurasa baada ya ukurasa ni msaidizi, msaidizi, msaidizi, na mtu yuko mwaka wa tatu hajawahi kufungua tumbo yeye mwenyewe akisimamiwa, jua kesi zinaliwa na wakubwa. Lakini kinyume chake kinanitisha zaidi, yaani tangu mwaka wa kwanza kaandika "peke yangu" kila mahali, watu husifu sana programu kama hizo eti unashika kisu mapema, kumbe hakuna anayefundisha pale, rejistra anabeba wodi nzima na makosa yake anayalipa mgonjwa. Unachotaka ni kuona safu ile inabadilika polepole, mwaka hadi mwaka.

Kisha uliza habari za usiku. Ukiuliza ofisini utaambiwa konsaltanti, yule daktari bingwa, anapatikana saa zote, sasa nenda kawaulize masista wa leba na wa thieta: mara ya mwisho mama alipotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua saa nane za usiku, nani alikuja, na alifika baada ya muda gani? Jibu lao halina siasa. Na ukiweza omba ruhusa ukae kwenye ripoti ya asubuhi hata siku moja, umsikilize yule aliyepoteza mgonjwa usiku anavyoulizwa. Kuna pahali ataulizwa aliona nini, akafikiria nini, akamuita nani, na kila mtu mle ndani atatoka amejifunza. Kuna pahali atatukanwa mbele ya wanafunzi halafu raundi iendelee, na hapo watu hujifunza kuficha.

Uliza pia walioingia darasa moja walikuwa wangapi na wamemaliza wangapi kwa wakati. Mara nyingi mtihani si tatizo, tatizo ni tasnifu, msimamizi hasomi, kamati ya maadili inarudisha propozo ya utafiti, mwaka umeenda. Na migomo ya madaktari: ule wa 2016 hadi 2017 ulikaa siku 100, wa 2024 siku 56, uliza rejistra waliokuwepo walifidiwa vipi zile wiki za rotesheni, za kuzunguka idara. Mashine ya picha ya CT ikiharibika wagonjwa wanapelekwa wapi, uliza hilo nalo.

Pesa nitapita haraka, kama uko kaunti pata likizo ya masomo kwa maandishi, soma bondi yote, ule mkataba wa kurudi kuwafanyia kazi, ujue mshahara utaendelea ama la.

Kama huwezi kuhama, na unataka upasuaji, iko njia ya COSECSA, chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, makao yao Arusha, unafundishwa ukiwa hospitalini, hatua ya kwanza MCS miaka 2 halafu unaendelea na FCS, ndiyo ya ubingwa. Hakikisha hiyo hospitali imeidhinishwa sasa hivi na kwa fani yako, usiende na maneno ya mtu, na uwaulize KMPDC, baraza linalosajili madaktari Kenya, watakutambua vipi ukimaliza.

Wanaotazama Marekani, kanuni ya ACGME, wale wanaoidhinisha programu za huko, ni kufanya kazi isiyozidi wastani wa saa 80 kwa wiki ukipigwa kwa wiki 4, na siku moja huru katika 7, lakini uwaulize marezidenti, ndio marejistra wa huko, kama huandika saa za kweli. Tazama wangapi wanafaulu mtihani wa bodi, kama wameshachukua waliosoma nje, na ni viza gani wanadhamini, maana viza ya J-1 kwa kawaida itakutaka urudi nyumbani miaka 2.

Hapa hapa Coast General, ile wazee wetu bado wanaiita Makadara, kuna makonsaltanti waliosomea sehemu tofauti tofauti. Msubiri mmoja raundi ikiisha umuulize angempeleka mwanawe wapi. Na programu yoyote ikikukatalia kuongea na rejistra wake bila mkubwa kusimama hapo, mimi fomu hiyo singeijaza.