SOMO: Kuanzisha bustani ya mboga nyumbani, kwa sisi wa Mwanza na kandokando ya ziwa

Habari zenu wadau. Swali la "nianzeje bustani nyumbani" linakuja karibu kila wiki, na nikimjibu mmoja leo, kesho anatokea mwingine na lile lile. Nimeamua kuliandika lote hapa. Atakayeuliza bila kusoma nitamrudisha huku huku.

Kwanza tuelewane kuhusu udongo. Ratiba ya mtu wa Lushoto au Mbeya haikufai. Sehemu kubwa ya Mwanza ni kichanga, luseni kwa Kisukuma, kilichotokana na haya haya mawe tunayoishi nayo. Ukimwaga maji yanazama mara moja, na chakula cha mmea kinazama nayo. Wenye mbuga, ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi, shida yao ni ya upande wa pili: maji yanatuama. Kote kuwili dawa ni samadi.

1. Eneo. Lipate jua saa sita kwa siku au zaidi, liwe karibu na bomba, mbali na karo la choo.

2. Ukubwa. Tuta moja la mita 1 kwa mita 3 linatosha kuanzia. Upana usizidi mita 1, mkono ufike katikati bila kukanyaga tuta.

3. Uzio. Kabla ya mbegu, siyo baada. Kuku wa jirani hawasubiri.

4. Kulima. Sentimita 30 kwenda chini. Ukigonga mwamba kabla ya hapo, usipigane nao. Soma maswali huko chini kuhusu viroba.

5. SAMADI. Hapa someni taratibu. Hapa ndipo mchicha wangu wa kwanza ulipofia, na ndipo bustani nyingi ninazoitwa kuzitazama zinapoharibikia. Mtu analeta samadi bandani asubuhi, anachanganya, anapanda jioni. Miche inaota vizuri, halafu ncha za majani zinakuwa kahawia kama zilizopitiwa na moto, shina linalegea, na ukiung'oa mche unakuta mizizi imeungua kwa chini. Mwenyewe anadhani ni kiu, anaongeza maji. Siyo kiu. Samadi mbichi inapooza hutoa joto na amonia, gesi inayochoma, na samadi ya kuku ndiyo kali kuliko zote. Juu ya hilo inabeba mbegu za magugu na vijidudu vya kuharisha, nawe unategemea kula kachumbari ya humo.

Irundike mahali penye kivuli, ichanganye na majani makavu au pumba za mpunga, ilowe kiasi cha kitambaa kilichokamuliwa, ifunike mvua isiioshe. Igeuze kila baada ya wiki mbili. Ya ng'ombe au mbuzi ipe miezi miwili hadi mitatu, ya kuku mitatu au zaidi. Ila usihesabu siku tu. Zamisha mkono katikati ya rundo: ikiwa bado kuna joto, haijaiva. Nusa: ikichoma pua, haijaiva. Iliyoiva ni nyeusi, inamong'onyoka, inanukia kama ardhi baada ya mvua, na huoni tena kilikuwa kinyesi cha nani.

Bado una wasiwasi? Chukua makopo mawili yaliyotobolewa chini. Moja tia udongo mtupu, jingine udongo uliochanganywa na samadi yako. Panda mbegu kumi za mchicha kwa kila kopo. Ndani ya wiki moja utaona. La samadi likiota vibaya kuliko la udongo mtupu, rudisha rundo lako kivulini.

Kipimo: nusu debe hadi debe moja kwa kila mita moja ya mraba, ichanganyike vizuri kwenye sentimita 20 za juu. Na tafadhali, ukinunua kwa mtu anayesema "imeiva hii", zamisha mkono mwenyewe.

6. Tuta. Msimu wa mvua liinue, maji yasisimame kwenye mizizi. Kiangazi, Juni hadi Septemba, fanya kinyume: didimiza tuta chini ya usawa wa njia, maji yabaki pale pale. Wa milimani, Mabatini, Igogo na kwingineko, tuta likingame na mteremko, na mawe yapangwe upande wa chini.

7. Mbegu. Anza na mchicha, maana mwezi mmoja unakula. Sukuma wiki na chainizi ziende kitaluni kwanza. Sukuma wiki ipandikize ikiwa na majani manne hadi sita, jioni, nafasi sentimita 45. Matembele ni kuchomeka vipande tu. Pakiti ya dukani iangalie tarehe na lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu.

8. Maji na matandazo. Asubuhi na jioni kwa miche michanga, maana kichanga hakitunzi. Tandaza nyasi kavu, ziache shina wazi.

9. Kuvuna. Sukuma wiki chuma majani ya chini, moyo uache.

Maswali karibuni.

MASWALI

Kijana wa Igoma: Mkuu, samadi ya kuku nikiweka leo naweza kupanda kesho?

Mwandishi: Hatua ya 5.

Kijana wa Igoma: Nimeiona ila ni ndefu, na mimi sina miezi mitatu ya kusubiri.

Mwandishi: Nimeiandika ndefu kwa ajili ya swali hili hili. Kama huna muda nunua iliyokwisha kuiva, au panda matembele na kunde bila samadi wakati rundo lako linaiva. Njia ya mkato hakuna, na sitakupa ya uongo.

Mama Buswelu: Mwangaluka. Asante kwa somo. Sukuma wiki yangu majani yamejikunja, nikigeuza chini naona vidudu vya kijivu vimejazana kama unga. Kinachonishangaza, sisimizi wanapanda na kushuka humo mchana kutwa. Ndio wanaokula?

Mwandishi: Mwangaluka, mayu. Umetazama vizuri. Hao wa kijivu ni vidukari, wananyonya utomvu. Wanatoa majimaji matamu, na sisimizi wanayafuata hayo. Ili wasiyakose wanawafukuza wadudu wanaowala vidukari. Kwa hiyo sisimizi hawali mboga yako, wanamlinda mwizi. Majani yaliyojikunja kabisa chuma ukawape kuku. Yaliyobaki yapige maji kwa nguvu upande wa chini, kisha jioni nyunyiza sabuni ya maji, kijiko kimoja cha chakula kwa lita 4. Jaribu kwanza kwenye majani mawili matatu, kesho yake ndipo umalizie. Rudia baada ya siku tano. Ukiona mdudu mwekundu wa mviringo mwenye madoa meusi, usimguse, huyo anawala vidukari.

Mama Buswelu: Kweli nimewaona hao wekundu, nilikuwa nawaua!

Mwandishi: Waache sasa. Na watoto wao ni weusi, warefu kidogo, wana madoa ya rangi ya chungwa. Hao nao waache, wanawala vidukari vile vile.

Fundi Isamilo: Kwetu ni jabali tupu. Nifanyeje?

Mwandishi: Kiroba cha kilo 100. Udongo sehemu mbili, samadi iliyoiva sehemu moja. Katikati simamisha nguzo ya kokoto tangu chini hadi juu, maji yapite humo yafike hadi kitako. Toboa pembeni, chomeka miche.

Shangazi Kirumba: Naongezea. Nguzo ya kokoto ipange kwa kopo lisilo na kitako: jaza kokoto ndani, udongo pembeni, vuta kopo juu, jaza tena. Na kiroba usikiegemeze kwenye jiwe, jiwe la Mwanza saa nane mchana linapika miche.

Mwandishi: Hilo la jiwe ni muhimu sana, shangazi. Asante.

Mdau Nyegezi: Nina kipande kinagusa ziwa. Nalima mpaka majini?

Mwandishi: Hapana. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Rudi nyuma. Na ukichota maji usisimame ziwani miguu mitupu, kichocho kinaingia kwa ngozi, konokono wake wako hapo hapo kwenye majani ya ukingoni.

Mdau Nyegezi: Na magugu maji? Yanajaa tu pale.

Mwandishi: Swali zuri. Yanafaa kwa rundo la mboji. Kata mizizi uiache, hiyo ndiyo inayonasa zaidi sumu za maji, kama metali nzito. Majani na mashina yaanike mpaka yakauke kabisa, ndipo uchanganye na samadi.

Pesa Kwanza: Mboga gani inalipa haraka?

Mwandishi: Somo ni la mboga za nyumbani.

Binti Kisesa: Mimi mgagani hauniotei. Mbegu nimezitoa mwenyewe shambani kwa bibi mwezi jana, ni mpya kabisa.

Mwandishi: Upya ndiyo tatizo. Mbegu ya mgagani hulala miezi kadhaa baada ya kuvunwa. Iweke pakavu miezi mitatu hadi sita. Kisha panda moja kwa moja kwenye tuta, ifukie kidogo tu, usiupeleke kitaluni kwa sababu mzizi wake haupendi kuhamishwa. Ukianza kutoa maua, yakate, majani yataendelea.

Binti Kisesa: Nimeelewa. Bibi pia ananiambia nianike majani ya kunde kwa ajili ya nsansa, ile mboga yetu ya kukausha. Juani au kivulini?

Mwandishi: Chemsha majani kidogo, chuja, tandaza kwenye mkeka mahali penye kivuli na upepo. Jua kali linapunguza vitamini A. Yakikatika kwa sauti ukiyakunja, yamekauka. Yafunge kwenye chombo kisichoingiza hewa. Na muulize bibi anaweka chumvi kiasi gani wakati wa kuchemsha, uje utuambie.