Kabla ya kuchovya elektrodi: maandalizi ya kupima floraidi katika maji ya kunywa

Katika vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru, maji hupita kwenye miamba ya volkano yenye floraidi nyingi, na watoto wanaoyanywa wakati meno yao yanajijenga huishia kuwa na meno ya kahawia, mengine yenye vishimo. Pale ambapo kiwango ni kikubwa zaidi na maji yananywewa miaka mingi, mifupa nayo huathirika, hata miguu kupinda. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania iliruhusu hadi 4 kwa miaka mingi kabla ya kushusha kiwango chake hadi 1.5, kwa hiyo kisima kilichoandikwa "salama" katika ripoti ya zamani huenda leo kisifae. Namba inayotoka maabara ndiyo itakayoamua familia zichote wapi, na kwa kipimo hiki ubora wa namba huamuliwa kwa sehemu kubwa kabla elektrodi, yaani kijiti cha kupimia kinachounganishwa na mita, haijagusa maji.

Njia zipo kadhaa. Ile ya rangi, inayotumia zirkoniamu na kitendanishi cha SPADNS, ni nafuu, lakini husumbuliwa na maji yenye rangi au tope, na eneo hili lina mto unaoitwa Maji ya Chai kwa sababu ya rangi yake. Kromatografia ya ayoni, yaani mashine inayotenganisha ayoni na kuzipima moja moja, ni nzuri sana kwa maabara yenye umeme wa uhakika, vipuri na fundi. Kwa maabara nyingi za maji za kwetu, elektrodi ya floraidi ndiyo inayofaa. Martin Frant na James Ross waliitangaza mwaka 1966 nchini Marekani: ncha yake ni fuwele ya lanthanamu floraidi iliyotiwa europiamu kidogo, ambayo huruhusu ayoni za floraidi kusafiri ndani yake. Haijali rangi ya maji, na mita yake huweza kutumia betri.

Maandalizi huanzia kisimani. Chukua chupa za plastiki ya polithini, si za kioo, zioshwe kwa sabuni isiyo na floraidi na kusuuzwa mara tatu kwa maji yaleyale yanayochukuliwa. Kama ni kisima cha pampu, acha maji yatoke kwanza hadi yale yaliyolala kwenye bomba yaishe. Timu inayopima pia metali hubeba chupa zilizotiwa asidi ya nitriki; hizo zisitumike kabisa kwa floraidi. Asidi hugeuza sehemu ya floraidi kuwa haidrojeni floraidi, ambayo elektrodi haiioni, na inaweza kuishinda nguvu bafa (myeyusho wa kudhibiti kiwango cha asidi) utakayoongeza baadaye. Andika kwenye chupa jina la chanzo, tarehe, na kama maji yamepita kwenye chujio la mkaa wa mifupa au yametiwa shabu. Hilo la shabu nitalirudia, kwa sababu ndilo linaloharibu matokeo mengi bila mtu kujua.

Ukiwa maabara, hakikisha maji unayoyeyushia kemikali ni yaliyokenekwa au yaliyoondolewa ayoni. Katika eneo lenye floraidi, maji ya bomba yana kitu kilekile unachotafuta, na miyeyusho sanifu (ile ya kulinganishia, yenye kiasi cha floraidi kinachojulikana) iliyotengenezwa nayo haitakuwa na thamani iliyoandikwa kwenye chupa. Kabla ya kuanza, pima maji hayo peke yake pamoja na bafa. Yakionyesha floraidi ya maana, simama hapo na utafute chanzo kingine.

Miyeyusho sanifu hutoka kwenye sodiamu floraidi iliyokaushwa kwenye oveni kwa nyuzijoto 105 kwa saa mbili na kupozwa ndani ya desiketa, chombo kinachozuia unyevu. Gramu 0.2210 katika lita moja hutoa miligramu 100 za floraidi kwa lita. Kutoka hapo, chukua kwa pipeti mililita 0.5, 1, 2, 5 na 10, kila moja ijazwe hadi mililita 100, nawe utapata viwango vya 0.5, 1, 2, 5 na 10. Hifadhi yote kwenye plastiki. Sodiamu floraidi ni sumu, vaa glavu unapoipima kwenye mizani na usiache vumbi lake mezani. Kwa vyanzo vya Meru, jiandae kukuta maji yanayozidi 10. Hayo yatapunguzwa kwa maji safi kwanza, na uwiano uliotumika uandikwe papo hapo, usiachwe kichwani.

Sasa bafa, na hapa ningeomba msomaji asiharakishe. Elektrodi husoma floraidi iliyo huru tu. Maji yakiwa na asidi nyingi, floraidi hushikwa na haidrojeni. Yakiwa na alkali nyingi, ayoni za haidroksaidi huichanganya fuwele ikadhani ni floraidi. Chumvi zikitofautiana kati ya sampuli na sampuli, usomaji nao huyumba ingawa floraidi ni ileile. Bafa ambayo wana maabara wanaiita TISAB hutatua yote hayo kwa pamoja. Kwa lita moja unahitaji mililita 57 za asidi asetiki kali, gramu 58 za chumvi ya sodiamu kloraidi na gramu 4 za CDTA (kemikali inayoshika metali) ndani ya takriban nusu lita ya maji. Weka bika kwenye beseni la maji baridi, kisha ongeza sodiamu haidroksaidi ya molari 6 polepole hadi pH ifike kati ya 5.3 na 5.5, halafu jaza hadi lita moja. Mchanganyiko hupata joto na mvuke wa asidi hukera macho, kwa hiyo fanyia kazi ndani ya kabati la kutolea mvuke. Mita ya pH nayo iwe imerekebishwa siku hiyo kwa bafa za 4 na 7.

CDTA ndiyo inayonyang'anya alumini na chuma floraidi walizozishika. Maji ya kisima ya kawaida hayaipi shida. Maji yaliyosafishwa kwa shabu ni jambo jingine. Shabu ni chumvi ya alumini, na alumini iliyobaki ndani ya maji huibana floraidi kwa nguvu. Elektrodi itasoma namba ndogo, mtu atafurahi kwamba mtambo unafanya kazi, kumbe sehemu ya floraidi bado imo na mtoto anainywa. Sampuli kama hiyo ikishachanganywa na bafa iachwe itulie, ikiwezekana hadi kesho yake. Kisha ipime mara mbili: kama ilivyo, na ikiwa imepunguzwa mara mbili kwa maji safi. Ukizidisha jibu la pili kwa mbili likawa kubwa waziwazi kuliko la kwanza, alumini bado inaficha kitu, na hutakiwi kuiandikia ripoti namba ya kwanza.

Panga pia uwiano mapema. Kawaida ni ujazo sawa wa sampuli na bafa, tuseme mililita 25 kwa 25, na miyeyusho sanifu ifanyiwe hivyohivyo. Ukifanya hivyo grafu unayoichora kwa milivolti za miyeyusho sanifu inakupa jibu moja kwa moja, wala huhitaji kuzidisha kwa mbili. Wapo wanaozidisha kwa mazoea, na kisima chenye 1.2 kikaonekana kuwa na 2.4 na kufungwa bure.

Elektrodi yenyewe ikaguliwe asubuhi. Fuwele isiwe na mkwaruzo wala utando. Ikiwa nzito kuitikia, baadhi ya watengenezaji huelekeza isuguliwe taratibu kwa dawa ya meno yenye floraidi, kisha ioshwe na kulowekwa. Elektrodi rejea, ile ya pili ambayo mita hulinganishia, ijazwe myeyusho wake hadi juu ya usawa wa sampuli, na kitundu cha kujazia kifunguliwe wakati wa kupima. Jaribu miyeyusho ya 1 na 10: tofauti kati yake iwe takriban milivolti 54 hadi 60, na usomaji ushuke floraidi inapoongezeka. Ikiwa chini ya hapo, usianze sampuli za watu.

Milivolti moja tu ni sawa na kosa la karibu asilimia 4, ndiyo maana joto lina uzito. Sampuli zilizotoka kwenye friji na miyeyusho sanifu zikae pamoja mezani hadi zilingane joto. Kikorogeo cha sumaku hupata moto kikifanya kazi. Weka kipande cha kadibodi au sponji kati yake na bika. Korogea kwa kasi moja kwa zote, na uchovye elektrodi kwa kuiinamisha ili pasinaswe kiputo chini ya fuwele.

Mwisho ni daftari. Chora jedwali kabla ya kuanza: nafasi ya kurudia myeyusho sanifu wa 2 kila baada ya sampuli kumi, nafasi ya sampuli moja kupimwa mara mbili, na nafasi ya sampuli iliyoongezwa kiasi kinachojulikana. Mililita 0.5 za myeyusho wa 100 ndani ya mililita 50 za sampuli huongeza takriban 1 kwa lita, na unapaswa kuipata tena kati ya asilimia 90 na 110. Chanzo chochote kitakachoangukia karibu na 1.5, tuseme kati ya 1.3 na 1.7, kipangiwe kurudiwa siku nyingine kwa miyeyusho mipya kabla ya kamati ya maji kuambiwa lolote. Maji yaliyobaki yasimwagwe: ndani ya plastiki iliyofungwa vizuri floraidi hudumu siku 28, na muda huo unatosha kupima tena endapo wanakijiji watauliza.