Jinsi ya kufungua kaunta ya meseji maktabani

Msomaji wa Nansio akitaka kitabu kutoka maktaba ya Mwanza mjini, inabidi apande meli, ashuke bandarini, afike kaunta, ndipo aambiwe kitabu kimeazimwa. Meseji moja ingemwokolea nauli. Kuandaa huduma ya kujibu wasomaji kwa WhatsApp ni kazi ya nusu siku, na ugumu wake hauko kwenye mitambo.

Hatua ya 1: Laini ya maktaba

Nunua laini mpya kwa ajili ya maktaba. Usitumie ya mkutubi, maana akihama kituo anaondoka na wasomaji wote. Pakua WhatsApp Business, ambayo ni bure, uisajili kwa namba hiyo. Namba moja haikai kwenye WhatsApp ya kawaida na ya Business kwa wakati mmoja.

Hatua ya 2: Hamia kwenye kompyuta

Fungua web.whatsapp.com kwenye kompyuta ya wafanyakazi, kamwe si ile ya wasomaji. Kwenye simu, ingia sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, kisha uelekeze kamera kwenye msimbo wa QR unaoonekana kwenye kioo cha kompyuta. Unaweza kuunganisha hadi vifaa vinne, kwa hiyo wa kaunta na wa chumba cha rejea wote wataona meseji zilezile. Kuandika kwa kibodi kuna faida yake: katalogi iko dirisha la pili, unatafuta huku unajibu. Simu isipotumika kwa siku 14, vifaa hivyo hutolewa vyenyewe, basi usiifungie kabatini ukaisahau.

Hatua ya 3: Majibu ya kujiendesha

Weka ujumbe wa salamu, saa za kazi, na ujumbe wa kutokuwepo kwa muda mliofunga. Ufupi unatosha: “Karibu maktabani. Tunajibu saa 3 asubuhi hadi saa 10 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa.” Taja saa ambazo kweli kuna mtu wa kujibu, na mgawane zamu kwa majina kwenye ubao. Kwa maswali ya kila siku (ada ya uanachama, muda wa kuazima) hifadhi majibu ya haraka.

Lebo zinazokuja na programu ni za wauza duka. Zibadilishe: “Jipya”, “Linatafutwa”, “Kiko kaunta”, “Limeisha”.

Hatua ya 4: Uliza kabla ya kujibu

Hapa ndipo huduma nyingi zinapofia. Msomaji huandika kidogo kuliko anavyohitaji:

— Shikamoo. Mna kitabu cha samaki?
— Marahaba. Vipo. Ni cha masomo, au unafuga?
— Nafuga sato kwenye vizimba.
— Sawa. Unataka kujua nini hasa?
— Chakula. Naona wanadumaa.
— Nimekuelewa. Nipe dakika kumi nipitie rafu.

Ungejibu “Ndiyo, vipo” na kuishia hapo, angekuja kukuta kitabu cha biolojia ya kidato cha pili. Uliza swali moja kwa kila meseji. Ukirundika matatu, atajibu la mwisho tu. Ukiahidi dakika kumi, rudi ndani ya dakika kumi, hata kama ni kusema bado unatafuta.

Ukikipata, mpigie picha jalada na ukurasa wa yaliyomo aamue kama safari ina maana. Kitabu kizima usikipige picha. Kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999.

Hatua ya 5: Usianzishe grupu

Utashauriwa uanzishe. Kataa. Kwenye grupu kila mmoja anaona namba za wenzake. Binti anayetafuta kitabu cha afya ya uzazi hataandika mbele ya jirani yake wa Igoma, na akiandika, tumemwanika. Tangu ipitishwe Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, jambo hili si la adabu tu. Isitoshe, baada ya wiki moja grupu litajaa salamu za asubuhi na matangazo ya viwanja.

Hatua ya 6: Itangaze

Andika kiungo hivi: wa.me/ kisha 255 na namba yako bila sifuri ya mwanzo. Kibandike pamoja na msimbo wake wa QR mlangoni, shuleni, na kwenye vijiwe vya bodaboda kama watakuruhusu.

Hatua ya 7: Tunza kumbukumbu nje ya programu

Maktaba nyingi za Marekani zilijenga huduma hii juu ya Meebo, huduma ya kuchati iliyokuwa ikifunguka kwenye kivinjari. Google iliinunua mwaka 2012, na mwaka huohuo huduma ile ikazimwa. Yahoo Messenger ilifuata mwaka 2018. Kwa hiyo kila Ijumaa nakili kwenye daftari tarehe, swali na kitabu kilichotoka. Jina na namba ya msomaji usiandike.