Jiko la safari kwenye buti ya Probox: vile mi napanga vyombo

Safari ya kwanza kutoka Malindi kwenda Lamu na vyombo vya kupikia nlikuwa na sanduku moja tu la mbao, kubwa, fundi seremala kanitengenezea na bawaba na kufuli, kila kitu kimo ndani, mi njia nzima mpaka Garsen najiona mjanja. Balaa likaanza Mokowe. Gari haliendi Lamu, unaliacha pale ushuke na mizigo yako hadi kwenye boti, sa lile sanduku tulilinyanyua watu wawili likagoma. Kijana mmoja hamali akalijaribu, akaliweka chini, akaniuliza, "Ami, humu mmemtia nani?"

Toka siku ile boksi yoyote nsiyoweza kuibeba mwenyewe hatua hamsini kwenye mchanga haiingii garini. Sanduku sa hivi lina kuku.

Kabla hujanunua chochote chukua futi upime buti, na usipime pale chini peke yake, pima pale ndani matairi yanapobinukia manake ndo panapobana, alafu pima urefu mpaka kwenye kioo cha nyuma. Mi natumia boksi 3 za plastiki zenye kifuniko cha kubana, za mraba wa kusimama wima, zile zinazochongoka chini kama ndoo achana nazo zinakula nafasi bure. Kuna watu wanapenda makabati ya plaiwudi na droo za kuvuta, yanapendeza kwenye picha sikatai, lakini huku pwani unyevu unaivimbisha plaiwudi droo inakwama, na hata tupu lenyewe zito.

Boksi ya kwanza ni ya chai, na hii ndo ntaieleza sana manake ndo inayookoa safari. Ndani mna birika la lita 2, ndani ya birika mna majani ya chai na kikopo cha iliki na tangawizi kavu ya kusaga. Vikombe vinne vya bati vimeingiliana, katikati ya kila kimoja na chenziwe kipande cha kanga iliyochakaa, visigongane njiani na pia ndo vitambaa vyangu vya kushikia birika likiwa moto. Chujio, kijiko kirefu, kisu kimoja, sukari kwenye chupa ya mdomo mpana. Kibiriti viwili, kimoja cha kutumia na kimoja kwenye kopo lililofungwa kabisa na punje za mchele, mchele unanyonya unyevu kidogo. Na tochi ya kichwa. Boksi hii inaingia garini mwisho kabisa, pale mlangoni pa buti, kwa sababu huku kwetu saa moja kasoro giza lishaingia na mara nyingi utafika ukiwa umechelewa, ukifungua buti mkono unakutana na tochi kisha birika, ndani ya dakika kumi watu wana chai mkononi hakuna anayeuliza tena nani alisema tutoke saa nane.

Ya pili ni ya kupikia. Sufuria 3 zinazoingiliana, kubwa ya wali, ya kati ya mchuzi, ndogo ya maziwa na mayai, vifuniko vigeuzwe juu chini vilale ndani. Hizi sufuria zetu hazina mikono na hapo ndo uzuri wake zinapangika, ila usisahau koleo, mi nshawahi kulisahau nkateremsha wali kwa soksi. Chagua sufuria kubwa yenye kifuniko bapa cha bati kizito manake ukipata makaa utapalia wali juu, na ukishapalia moto wa chini unaupunguza.

Na mbuzi. Watu wa Nairobi huwa wananicheka naipakia mbuzi ya nazi safarini, lakini fikiria, inakunja, nyembamba inajibana ubavuni mwa boksi, na ukimaliza kukuna ndo kiti chako. Nazi nzima haiharibiki njiani, haihitaji barafu, wakati tui la kukamua asubuhi likifika jioni kwenye joto lishachacha. Kifumbu naacha nyumbani, nakamulia kitambaa safi.

Ya tatu ni chakula kikavu, na hapa nlipata funzo njia ya Sala. Ukitoka Malindi kwenda geti la Sala, Tsavo Mashariki, siku ile barabara ilikuwa ya murram yenye yale mawimbi madogo yanayotetemesha gari mpaka meno, kila kifuniko cha kuzungusha kinajifungua chenyewe taratibu. Chupa yangu ya mafuta ilifunguka hivyohivyo, ikaingia kwenye unga, ikashuka mpaka kwenye blanketi, na usiku sisimizi wakaja kwa foleni kama wamealikwa. Sa hivi chochote cha majimaji nakifunika kwanza na kipande cha nailoni ngumu mdomoni ndo nazungusha kifuniko juu, kisha kinasimama ndani ya sufuria lake dogo la peke yake. Mayai nayafukia ndani ya kopo la mchele, hayavunjiki, nshajaribu mara nyingi. Maharage na mbaazi chemsha nyumbani uzigandishe, usiende kumaliza gesi porini kwa kuchemsha mbaazi.

Gesi yenyewe natumia mtungi wa kilo 6 wenye jiko lake juu. Unasimama wima, umefungwa kwa blada, ile mipira ya kukata kwenye tyubu kuukuu, kwenye ndoano za buti usilale, manake ukilala gesi inatoka ikiwa maji na moto unaruka. Njiani valvu imefungwa, jiko limetolewa mtungini liko pembeni. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi ikatoka dirishani, inatuama chini sakafuni mwa gari ikingoja cheche, kwa hivyo mi kila nikilifunga jiko juu ya mtungi napaka povu la sabuni pale kwenye maungio, likitoa mapovu nafunga upya. Ukitaka kujua imebaki ngapi pima mtungi kwa mizani kisha utoe uzito wa mtungi mtupu, umepigwa chapa pale juu shingoni. Na jiko la makaa lisiingie hemani wala garini hata mvua inyeshe vipi, moshi wake usioonekana unaua watu wamelala.

Upepo nao. Kusi ikivuma pale ufukweni moto wa gesi unalala ubavu birika halichemki mpaka unakata tamaa. Egesha gari lizibe upepo, fungua mlango wa buti juu uwe kivuli, jiko liweke chini nje ya gari upande uliofichika na ulizungushie kipande cha bati.

Maji ni mzigo kuliko vyote, lita moja kilo moja, mtungi wa lita 20 ni kilo 20 hakuna mjadala. Mi nahesabu lita 5 kwa mtu kwa siku za kunywa na kupika, sisi wanne siku mbili ni mitungi miwili, na hiyo inakaa chini kabisa nyuma ya viti vya mbele, usiiweke juu ya keria gari litayumba kwenye kona. Hapa ndo kanuni yangu ya hatua hamsini inabana, mtungi mmoja nabeba, miwili kwa pamoja siwezi na sijaribu.

Kulaboksi usiitie barafu ya vipande kama ya samaki sokoni, ikiyeyuka kila kitu kinaogelea na samaki anapoteza ladha. Gandisha chupa za maji ngumu, zile za kutumia tena na tena, uache nafasi juu manake maji yakiganda yanatanuka, ikiyeyuka unakunywa. Za plastiki za kutupa zishapigwa marufuku kwenye mbuga toka Juni 2020 kwa hivyo usiende nazo Sala ukaanza kubishana na askari getini. Funika kulaboksi na gunia bichi, kule Sala kukavu utaona tofauti, hapa Malindi hewa yenyewe ishalowa haisaidii sana.

Zana nyingine naweka kwenye gunia moja, haina haja ya maelezo mengi: turubai, kamba, mkeka, chandarua, panga, jeki, pampu ya tairi, na kipande cha ubao cha kuweka chini ya jeki kwenye mchanga, bila huo jeki inazama wewe unabaki unaitazama. Blada kata nyingi, zinafunga kila kitu. Vitambulisho viweke mbele kwenye dashibodi, njia ya Lamu utasimamishwa vizuizini na pengine waseme fungua buti, hapo ndo utashukuru boksi ni tatu na sio vurugu.

Usiku hakuna chakula kinachobaki nje. Nyani kifuniko cha kubana anakijua kuliko mtoto wako, boksi zinarudi garini milango inafungwa. Na pale karibu na mdomo wa mto Sabaki usilale kwenye nyasi za ukingoni, viboko wanatoka maji usiku kula na njia zao ni hizohizo.

Mkirudi nyumbani osha kila chuma kwa maji yasiyo ya chumvi, hata ambacho hukukitumia, chumvi ya bahari inakula bawaba na koleo ndani ya wiki. Anika kivulini, rudisha kila kitu boksini palepale. Boksi ya chai mi siifumui kabisa, iko uvunguni mwa kitanda tayari, natoa sukari tu kwa ajili ya sisimizi.